Gurudumu la Miguu Minane

Mukashema hakuwa mtu wa kulia. Alipoletewa habari kwamba gurudumu la kiwandani limemkata mumewe vidole vinne vya mkono wa kulia, aliweka kibuyu cha maziwa chini, akakaza kitambaa kichwani, akateremka mlima kwenda zahanati huku amekasirika. Alilikasirikia gurudumu. Alikikasirikia kiwanda. Alimkasirikia Mungu kidogo, akatubu njiani. Halafu akamkasirikia mumewe, na hasira hiyo ya mwisho ndiyo iliyofika naye mlangoni.

Maana Védaste hakuwa mgeni wa mashine. Alikuwa fundi wa miaka minane katika kiwanda cha kukaushia maua ya pareto, juu kidogo ya Ngungu, na yeye ndiye aliyewafundisha wengine wote pa kuweka mikono na pa kutoiweka. Mtu wa namna hiyo akiupeleka mkono wake mwenyewe ndani ya gurudumu linalozunguka, mkewe ana haki ya kuuliza. Mukashema akauliza, hata kabla ya kukaa.

"Ilikuwa imesimama," Védaste alisema. Alikuwa amelala chali, mkono umefungwa vitambaa mpaka kiwikoni.

"Nini ilikuwa imesimama?"

"Gurudumu. Niliiona kwa macho yangu. Nilihesabu miguu yake yote ya chuma."

"Gurudumu yenye kusimama inakata muntu vidole?"

"Hapana."

"Basi?"

"Basi sijue. Lakini niliiona imesimama."

Mukashema akavuta kigoda, akainama karibu na sikio lake ili mgonjwa wa kitanda cha pili asisikie. "Sema uliteleza. Kuteleza, kila muntu anajua ni nini. Hata Bwana wa kiwanda anajua. Sema mafuta yalimwagika chini, ukateleza."

"Sikuteleza."

"Védaste."

"Sikuteleza, mama. Nitasema namna gani kitu yenye haikukuwa?"

Hapo ndipo hasira ilipomkaba kweli. Mume mwongo mtu anaweza kuishi naye, wako wengi na wake zao wananenepa. Lakini mume anayekataa uongo mdogo wenye faida, halafu anang'ang'ania uongo mkubwa usio na kichwa wala miguu, huyo anatafuta kumzika mkewe mapema. Alikaa naye mpaka jioni, akamlisha uji kwa kijiko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi Védaste akarudi nyumbani na buku lake la kazi mfukoni. Kila mfanyakazi alikuwa na buku lake, na mzungu aliandika ndani yake siku alizofanya kazi, makosa aliyoyafanya na sababu ya kumfukuza. Hakuna shamba wala mgodi uliochukua mtu bila kwanza kulifungua. Katika ukurasa wa mwisho wa Védaste palikuwa na mstari mmoja mpya wa Kifaransa, na mwishoni mwa mstari neno moja lililopigiwa mstari chini yake mara mbili: ivresse. Ulevi.

Aliyeliandika ni mwenye kiwanda, mzungu ambaye watu walimwita Kisigino kwa sababu alitembea akigongesha viatu kama askari wa gwaride. Kwa Kisigino mambo hayakuwa na ugumu. Ajali ilitokea Jumatatu asubuhi. Jumatatu hutanguliwa na Jumapili. Jumapili watu weusi hunywa. Basi. Kwamba Védaste hakuwa ameonja pombe tangu alipopata kipaimara, kwamba harusini chungu kilipoletwa na mirija yake alishika mrija kwa adabu tu na pombe haikupungua hata tone, hayo Ngungu nzima iliyajua. Kisigino hakuuliza Ngungu.

Na haikuishia kwenye kuaibishwa. Alhamisi iliyofuata, enspektere wa kazi, yaani mkaguzi wa serikali, angefika kutoka Goma kusoma karatasi za ajali na kupiga muhuri. Akishapiga muhuri juu ya neno lile, neno lingekuwa sheria. Mlevi aliyejikata mwenyewe hapati kitu kwa ajili ya mkono wake, anatoka katika nyumba ya kambi ya kiwanda, na hakuna wa kumchukua tena, si mashamba ya Masisi, wala machimbo ya Omate kule Walikale ambako husemwa huchukuliwa kila mwenye kupumua. Mukashema hakujua Kifaransa, lakini alilikariri umbo la neno lile, herufi kwa herufi, kama mtu anavyokariri uso wa mwizi. Alikuwa na siku tano za kulifuta.

Shida ni kwamba hakuwa na la kusema. Ulevi ulikuwa uongo, hilo angeliapia. Lakini maneno ya Védaste ndiyo yaliyoufanya uongo ule uonekane kweli, maana nani mwingine huona gurudumu linalokimbia limesimama, kama si mlevi?

Jumatatu, kabla umande haujakauka, alikwenda kwa karani. Karani Gasana alikuwa mtoto wa shangazi yake, mtu wa suruali iliyonyooshwa na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana. Siku ya ajali ndiye aliyekuwa kinywa cha Védaste. Védaste alisema kwa Kiswahili, Gasana akageuza kwa Kifaransa, Kisigino akasikiliza.

"Kaka Gasana, siku ile ulimwambia Bwana nini?"

"Kila neno. Mimi siongeze, sipunguze. Bwana yako alisema mashini ilikuwa imesimama, na mimi nikasema: la machine était debout."

"Na Bwana akajibu nini?"

"Alicheka."

"Juu ya nini?"

"Alisema, kwani huyu alitaka mashini yangu iwe imelala? Njo akaandika ile neno."

Mukashema hakuelewa kichekesho, na kichekesho asichokielewa kilimtia wasiwasi. "Ile debu," alisema, "ni kusema nini?"

"Debout? Ni kusimama." Na kwa kuwa moyoni Gasana alikuwa mwalimu aliyekosa shule, alisukuma kiti nyuma, akainuka, akanyoosha mgongo, mikono ubavuni. "Hivi. Muntu akiwa hivi, njo debout."

Mukashema akamtazama pale aliposimama, mrefu na safi, kidevu juu. Mtu akiinuka kitini amesimama. Gari likiacha kwenda limesimama. Ng'ombe, saa ya ukutani, mvua, vyote vinasimama kwa neno lile lile moja, na tangu tuzaliwe hakuna aliyedhani mvua imejinyoosha mgongo.

"Na lori," alisema polepole. "Lori ikifika kwa bariyere, ikaacha kutembea. Bazungu banasema ni debu?"

Gasana alipangusa vumbi lisilokuwapo kwenye suruali yake.

"Kaka, niko nauliza. Lori."

"Lori banasema arrêtée."

"Ile neno uliijua?"

"Niliijua."

"Na haukuisema."

"Haikunikuja." Alikaa tena. "Kulikuwa damu mingi, dada. Bwana alikuwa anapiga makelele. Neno ya kwanza ikakuja, nikaitoa."

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa. Mtu amekatwa vidole, anatetemeka, na mzungu anamsikia akijitetea kwamba mashine ilikuwa wima. Hata Mukashema, kama angekuwa Kisigino, angemnusa mdomo.

"Basi enda umwambie leo."

"Karani akisema alikosa neno moja, banamutafutia makosa ya miaka sita." Gasana alianza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. "Na hata nikisema, itasaidia nini? Debout ao arrêtée, gurudumu ilikuwa inakimbia. Mbonigaba alikuwa pale, alinihakikishia. Inakimbia. Bwana yako aliona kitu yenye haikukuwa. Hiyo mimi sikuigeuza. Ilitoka kwa kinywa yake."

Kilichomuuma ni kwamba alisema kweli. Mukashema akatoka bila kuaga, na badala ya kufuata njia ya nyumbani, akapita uani kwenye wanawake waliochambua maua, akasukuma mlango wa chumba cha mashine, mahali ambapo mwanamke hakuruhusiwa kutia mguu.

Ndani hamkuwa na dirisha lililo wazi. Yote yalizibwa kwa mbao, maana maua yaliyokauka yakipata ukungu wa mlima huharibika, kwa hiyo hata saa sita mchana watu walifanya kazi kwa taa. Kwa miaka mingi zilikuwa taa za ampuli, za mwanga wa njano. Lakini Jumapili, siku moja kabla ya ajali, watu wakiwa misani, fundi kutoka Goma alikuwa amezitoa na kutundika taa mpya, ndefu kama fimbo, zenye mwanga mweupe wa maziwa. Kisigino alijivunia taa zile kuliko watoto wake. Mbele kulikuwa na kinu cha kusaga maua, kikinguruma hata kifua kinatikisika. Nyuma kabisa, kimo cha mtu, lilikuwa gurudumu lenyewe. Lilivutwa na mkanda uliopita nyuma ya ukuta wa mbao, na kazi yake ilikuwa kusukuma hewa ya moto kwenye vichanja.

Mbonigaba, aliyepewa nafasi ya Védaste, alikuwa amesimama hapo. Mukashema alimwendea moja kwa moja. Alishukuru kwamba angalau gurudumu limesimama, maana alikuwa na mengi ya kusema na kinu peke yake kilitosha kumshinda.

"Papa Mbonigaba, niambie wewe. Mukono yake iliingilia wapi? Njo hapa?" Akainua mkono kugusa mguu mmoja wa chuma.

Mbonigaba alimrukia. Alimshika kifundo cha mkono, akamvuta kwa nguvu hata akaanguka kitako juu ya gunia la maua.

"Inakimbia, mama."

"Nini?"

"Ile. Iko inakimbia."

Mukashema alitazama. Miguu minane ya chuma ilitoka katikati mpaka ukingoni, kila mmoja peke yake, ikitetemeka kidogo tu kama gurudumu linalomalizia kutulia. Angeweza kuihesabu. Aliihesabu. Mbonigaba akachukua fimbo ya mkaratusi, akaisogeza kwenye nafasi kati ya mguu na mguu, mahali palipoonekana hakuna kitu ila hewa. Fimbo ikalia mara moja tu. Vipande vikagonga ukuta, na mkononi mwake kikabaki kipisi cha shibiri moja. Gurudumu lilikuwa pale pale, limetulia, miguu minane.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakuwahi kuingia chumba kile.

Mukashema akauliza, "Ni ulozi?"

"Tulisema vile siku ya kwanza. Halafu niliona hii." Mbonigaba akaokota kijiti kingine, akakipunga upesi chini ya taa, kushoto, kulia. Mukashema hakuona kijiti kimoja kikipita. Aliona vijiti vingi vimepangwa hewani kama ua wa nyumba, kila kimoja kimetulia. "Unaona? Taa ya zamani haikufanya vile. Hii mupya inakonyeza. Inafumba, inafumbua, mbio kuliko jicho yetu inaweza kujua. Ikifumba, mguu moja ya gurudumu inaondoka. Ikifumbua, ingine imefika mahali pale pale. Jicho inasema, ah, ni ile ile, haijatembea."

Mukashema aliangalia mkono wake mwenyewe, uliokuwa umebakiza upana wa kiganja kufika. Kisha swali likamjia, na pamoja na swali ile hasira, safari hii imepata anwani.

"Mulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya pili. Ya kwanza tulikuwa tunaangalia damu."

"Wiki nzima. Na mulinyamaza."

"Mama, tuko bantu saba humu ndani." Mbonigaba aliangalia mlango. "Védaste alisema kile aliona, banamuandika mulevi. Mimi nikisema naona sawa yeye, nitakuwa mulevi wa pili. Kwa hiyo tuliweka kamba ile chini, tunapita mbali. Bwana mwenyewe haingie, vumbi inamuwasha macho. Anasimamaka kwa mulango, anaangalia taa zake, anaenda."

Mukashema alisimama, akajipangusa maua sketini. Wanaume saba, wenye ndevu na watoto wa kubatizwa, walikuwa wamefunga kamba chini ili wao wapite salama, na rafiki yao amelala zahanati akiitwa mlevi, huku mke wake mwenyewe akimwita mwongo. Alimwambia Mbonigaba kwamba Alhamisi atasema mbele ya enspektere yote aliyomwonyesha. Mbonigaba akajibu kwamba ana watoto watano. Mukashema akamwambia jambo kuhusu baba wa watoto hao watano ambalo sitaliandika hapa, akatoka.

Nyumbani alimkuta Védaste ameketi mlangoni, mkono umeegemezwa juu ya goti. Hakujua namna ya kuomba msamaha bila kufoka, kwa hiyo alifoka.

"Ulisema kweli," alisema, kama mtu anayegombeza. Akamweleza kila kitu, fimbo, kijiti, taa inayokonyeza.

Védaste alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kusema haraka, kama mtu aliyezuiliwa maji. "Taa ya zamani, gurudumu ikikimbia unaona ukungu tu. Mukanda ikiruka, gurudumu inasimama, unaona miguu. Miaka minane, ukungu ni kukimbia, miguu ni kusimama. Sikudanganywa hata siku moja. Lundi ile ya ajali nilishuka kufungua maji yenye kuendesha mashini, nikapanda, nikaingia, nikaona miguu. Nikasema mukanda imeruka tena. Nikaweka mukono niizungushe, niirudishe." Kisha akashusha sauti. "Nilianza kufikiri nililewa bila kunywa, Mukashema. Usiku nilikuwa najiuliza kama pombe inaweza kuingia kwa muntu mwenye kulala."

Hapo Mukashema alitamani kulia, ila hasira ilikuwa imeshika zamu.

Alhamisi enspektere akafika, mfupi, mnene, mwenye shati jeupe na daftari kubwa. Alijua Kiswahili kile cha wazungu wa serikali, kinachotosha kuamuru na kuuliza umri. Ofisini alisoma karatasi ya Kisigino, akaguna penye neno debout, akamwuliza Védaste kama ana la kuongeza. Védaste alisema, kwa mara ya kumi, kwamba aliiona imesimama. Gasana aligeuza kwa Kifaransa akiwa anatazama sakafu, na Mukashema, aliyemshika mumewe mkono kwa kuwa bado kizunguzungu kilimsumbua, alitega sikio. Debout, alisema tena Gasana. Debout. Mukashema aliuma shavu kwa ndani mpaka akaonja chumvi.

Lakini enspektere alikuwa mtu wa kumaliza kazi yake, hilo tumpe. Alisema anataka kupaona mahali penyewe. Wakaenda wote, yeye mbele, Gasana, Védaste na mkewe nyuma, Kisigino akibaki mlangoni na kitambaa puani. Kinu kilinguruma. Wanaume saba walijipanga ukutani. Enspektere akasimama mbele ya gurudumu, akalitazama juu mpaka chini, kalamu mkononi.

"Hii njo mashini?"

"Ndiyo, Bwana," alisema Mbonigaba.

"Muzuri. Sasa washa yeye. Mimi nataka ona yeye nazunguka."

Mukashema aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa amegundua jambo la maana sana kwenye vidole vyake vya miguu. Enspektere akarudia. Kutoka mlangoni Kisigino naye akapiga kelele, mwenye mashine mwenyewe, aliyeinunua na kuifunga: "Mbonigaba, mujinga wewe, hausikii? Bwana anasema washa gurudumu!"

Mbonigaba akaisogelea kamba, akarudi ukutani.

Enspektere akachoka kungoja. Aliivuka kamba, akasogea, akainamisha kichwa akitafuta mahali mkono ulipoingilia. Akamgeukia Védaste. "Wewe naweka mukono wapi? Hapa?" Na akanyoosha kidole na kalamu yake pamoja, kuelekea katikati ya miguu miwili.

Mukashema aliona. Alikuwa na nafasi ya kusema. Kinywa chake kilijulikana kutoka Ngungu mpaka Pinga kwamba hakifungwi na mtu, na saa ile kilifungwa. Tusidanganyane: alitaka. Alitaka kidole kile kiende mpaka mwisho. Alitaka kiingie, kisha mtu amwulize mwenye kidole amekunywa nini, na mtu mwingine aandike. Aliona kucha iliyokatwa vizuri, aliona pete, akashika pumzi, na hakutikisika.

Védaste ndiye aliyeruka. Alimtupa mkewe pembeni, akaupiga mkono wa enspektere kwa mkono wake uliofungwa vitambaa, kwa nguvu zote, akatoa sauti ya maumivu ambayo kinu hakikuizima. Kidole kikaenda chini. Kalamu ikaenda mbele. Haikuonekana ikiingia. Palisikika mlio mmoja mkavu, na wino ukaruka juu ya shati jeupe kutoka bega mpaka tumboni.

Kisigino aliingia akikimbia, vumbi au si vumbi, akipaza sauti kwamba huyu mlevi amempiga mzungu, askari waitwe, pingu ziletwe. Enspektere hakumsikiliza. Alitazama shati lake. Alitazama gurudumu, lililokuwa pale pale, limetulia, miguu minane. Kisha akakitazama kidole chake, akakikunja, akakinyoosha.

"Nazunguka?" aliuliza, kwa sauti ya mtu mgonjwa.

"Inazunguka, Bwana," alisema Mbonigaba. "Tangu asubuhi." Na sasa, kwa kuwa mzungu ameona, wote saba wakawa na midomo. Ndiyo, inazunguka. Ndiyo, Bwana, ni taa. Ndiyo, tulijua. Wakapunga vijiti hewani kumwonyesha, wakasukumana nani amwonyeshe vizuri zaidi. Na nyuma yao Gasana akasema neno moja, peke yake, bila kuulizwa: "Arrêtée." Akalisema tena kwa nguvu zaidi, kisha akaeleza kwa Kifaransa, jasho likimtoka, kwamba hivyo ndivyo Védaste alivyosema siku ya kwanza na hivyo ndivyo alivyosema leo, na kosa ni la karani.

Mukashema hakumshukuru. Alikwenda akasimama mbele ya enspektere.

"Bwana, leo asubuhi ulikunywa nini?"

"Nini?"

"Mbele ya kuingia humu. Ulikunywa nini?"

Enspektere alimtazama kama anayemwona sasa hivi. "Chai," alisema.

"Chai tu?"

"Chai tu."

"Basi andika chai. Mu buku ya bwana yangu, pale baliandika pombe, andika chai. Kwani na wewe uliiona imesimama."

Kisigino alisema jambo kwa Kifaransa, kali na fupi. Enspektere akamjibu kwa jambo fupi zaidi. Kisha akanyoosha mkono kwa Védaste kulipokea buku, akaazima kalamu ya Gasana, akaandika juu ya gunia la maua. Alilifuta neno lile kwa mstari mmoja mnene. Juu yake akaandika maneno mengine, akapiga muhuri, akamrudishia Védaste bila kumtazama usoni. Mukashema alilichukua yeye, akampelekea Gasana mbele ya macho.

"Soma. Na safari hii geuza vizuri."

"Ajali ya kazi," alisoma Gasana. "Njo imeandikwa. Accident de travail. Haina maana ingine, dada."

Walipotoka uani, ngazi ilikuwa tayari inaingizwa. Kisigino mwenyewe ndiye aliyeiamuru, akigombeza kila mtu aharakishe. Taa ndefu zikaanza kutolewa, moja moja, zimebebwa na watu wawili wawili kama mayai, zikalazwa kwenye nyasi juani ambako hazikuwa na ujanja wowote. Enspektere alikuwa ameketi ndani ya gari lake, mlango wazi, amekishika kidole kile kwa mkono mwingine. Védaste alisimama akitazama taa zikitoka, na usoni mwake mlikuwa na amani ambayo mkewe hakuweza kuivumilia.

"Imekwisha," alisema Védaste. "Neno imetoka."

"Ulimuzuia juu ya nini?"

"Nani?"

"Unajua nani."

"Ilikuwa kidole, Mukashema. Ningeangalia namna gani?"

Hilo lilimkera Mukashema kuliko yote ya siku ile. Alizitazama taa nyasini. "Vidole yako ine ilianguka Lundi," alisema, "na taa zilibaki siku kumi na moja. Kidole yake haikupata hata mukwaruzo, na zote zimetoka mbele ya saa sita."

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli. Usiniambie kitu. Niache nikasirike mpaka nyumbani."

Wakapanda mlima, yeye mbele.